Kibao Namba Kumi na Saba

Kibao namba kumi na saba hakikurudi.

Vingine vyote thelathini na tisa Jared alikuwa ameshavitundika kwenye misumari yake. Alivihesabu kwa kidole kutoka kushoto, akavihesabu tena kutoka kulia, na msumari mmoja ukabaki mtupu.

Jared alikuwa bawabu wa maktaba ya jamii iliyo pembeni mwa mji wa Mbita, juu ya barabara inayoteremka kwenda ziwani. Kazi yake haikuwa ngumu, na aliipenda. Msomaji akifika mlangoni humkabidhi mkoba wake. Jared huutia katika mojawapo ya mashubaka arobaini ya kabati la mbao, kisha humpa msomaji kibao kidogo chenye namba ya shubaka hilo. Akitoka, anarudisha kibao na kuchukua mkoba. Kwa miaka tisa Jared hakuwahi kutoa kibao bila mzigo kubaki.

"Madam," aliita kwa sauti ya chini, "kuna mtu bado ndani."

Zilpah Nyanchoka, mkutubi, alikuwa tayari ameshika funguo. Alirudi ndani akapita rafu moja baada ya nyingine: magazeti, vitabu vya shule, vitabu vya kilimo, na kona ya watoto yenye mkeka na viti vifupi. Akachungulia chini ya meza. Akarudi.

"Hakuna mtu, Jared. Mkoba wenyewe uko?"

Jared aliwasha tochi ya simu akamulika ndani ya shubaka la kumi na saba. Hapakuwa na mkoba. Ubao wa chini ulikuwa na maji, na juu ya maji palikuwa na jani moja la gugu maji, bichi, kana kwamba limeng'olewa ziwani wakati ule ule. Kutoka pale hadi ziwani ni karibu kilomita nzima.

"Chupa ya mtoto imevuja," Zilpah akasema.

"Na hili jani?"

"Watoto, Jared. Unawajua. Juzi si walikuletea kobe?"

Jared hakucheka. Alichukua kitambaa akafuta yale maji polepole, na jani akalishika kwa ncha ya kitambaa akalitupa nje.

"Madam," alisema, "leo hukupaswa kutunyamazisha."

Zilpah alijua anazungumzia nini. Saa kumi na mbili na nusu jioni ile ya Alhamisi, maktaba ikiwa imejaa watahiniwa na watoto wanaosubiri wazazi watoke sokoni, kelele zilikuwa zimezuka ufuoni. Watu walikuwa wakipiga sufuria, mabati, mitungi ya plastiki na milango ya vibanda. Kelele zilianzia majini zikapanda mlima nyumba kwa nyumba, na upepo wa baridi ukija nazo. Watu wa ufuo ule hufanya hivyo tangu zamani. Wanasema kuna pepo wanaoitwa nyawawa, roho za waliofia ziwani wakakosa kuzikwa, ambao hutoka majini na upepo na kupita kati ya nyumba wakitafuta mahali pa kuingia. Kila nyumba hupiga kelele ili wasisimame hapo, mpaka wazungushwe na kurudishwa majini walikotoka. Na wakikuita kwa jina, usiitike.

Ndani ya maktaba kila mtu alikuwa amejua la kufanya. Watoto walishika rula. Byron, kijana wa chuo ambaye kila siku alikaa karibu na soketi ili achaji simu, alikuwa ameinua kiti apige nacho sakafu. Jared alikuwa ameshika kifuniko cha ndoo ya taka.

Zilpah akaweka kidole mdomoni. "Sshh. Hapa ni maktaba."

Wakanyamaza wote. Walimheshimu. Alikuwa mwanamke mpole wa kutoka Nyamira, Msabato, aliyefundisha watoto wadogo miaka ishirini kabla ya kuja kwenye vitabu, na hakuwa amewahi kumpigia mtu kelele. Maneno KIMYA TAFADHALI pale ukutani aliyapaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Basi viti vikashushwa na rula zikarudi mezani. Kelele za mlimani zikapanda hadi ukuta wa maktaba, zikakatika hapo, kisha zikaanza tena kwenye nyumba ya upande wa pili. Katikati palikuwa na jengo moja tu lililokaa kimya, na mlango wake ulikuwa wazi.

"Kwetu hatuna hayo mambo, Jared," Zilpah alimwambia akifunga kufuli. "Kibao tutakiona kesho."

"Sawa, Madam," Jared akajibu. Lakini alisimama akautazama mlango kwa muda kabla ya kumfuata.

Kesho yake kibao hakikuonekana, na shubaka lilikuwa limelowa tena.

Jambo la pili lilikuja polepole, na mwanzoni Zilpah alilifurahia. Maktaba ilikuwa imetulia. Watahiniwa hawakunong'ona. Watoto waliingia mlangoni wakichekana na kusukumana, lakini wakifika katikati ya chumba walikuwa wakitembea kwa vidole. Hata simu hazikulia. Zilpah alijisemea kwamba baada ya miaka sita hatimaye wameelewa.

Kisha akaanza kusikia harufu. Haikuwa mbaya sana. Ilikuwa harufu ya matope ya ufuoni asubuhi, yaliyolala chini ya mashua. Ilitoka kona ya watoto, kwenye rafu ya chini kabisa, na vitabu vya rafu ile vilikuwa vimevimba kwa unyevunyevu. Alivitoa akavianika juani, akavirudisha vimekauka. Jioni vilikuwa vimelowa tena, na kila kimoja kililowa ukurasa mmoja tu, katikati, kana kwamba mtu aliyekuwa akisoma alikuwa ameweka mkono hapo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alifunga mapema kwa ajili ya Sabato. Byron alitoka akiwa wa mwisho, akasimama mbele ya kabati la mikoba.

"Madam, mnaweka dawa gani huku ndani? Imekuwa kama mochari."

"Si unataka kusoma? Kimya ni kizuri."

"Kizuri, lakini kuna mtu anazidisha." Alijaribu kutabasamu. "Nikiwa pale kwenye soketi nasikia 'sshh' nyuma ya magazeti. Nikadhani ni wewe. Nikageuka, nikakuona uko kaunta unapiga mihuri."

Jared, aliyekuwa akimtolea mkoba, alisimama na mkono ndani ya shubaka.

"Mimi sitakuja wiki ijayo," Byron akasema. "Nitachaji kwa kinyozi."

Jumapili alasiri ilikuwa saa ya hadithi. Watoto kumi na mmoja walikaa kwenye mkeka, na Zilpah akakaa kwenye kiti kifupi mbele yao. Miongoni mwao alikuwamo Achieng, msichana wa miaka minane aliyelelewa na bibi yake. Tangu afike mara ya kwanza akiwa hajui herufi, Achieng alikuwa amesoma kila kitabu cha kona ile, na alipenda kusoma kwa sauti hivi kwamba hata Jared mlangoni aliacha kazi akamsikiliza. Zilpah alikuwa amemwandikisha kwa Siku ya Kusoma, ambapo maktaba za Homa Bay na Migori zingekutana na kila moja kumpeleka mtoto mmoja kusoma mbele ya watu. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Kwa Achieng hakukuwa na kingine duniani. Kila alasiri alimfuata Zilpah hata kwenye kaunta. "Madam, hapa nipumue au niendelee?" Na Zilpah, hata akiwa anaongea na mgeni wa aina gani, alimwitikia kwanza. Ndivyo alivyowafundisha walimu wengi waliomfuata: mtoto akikuita, itika hapo hapo, kwa sababu hujui imemchukua nguvu gani kukuita.

Siku ile alisoma kitabu cha kiboko aliyepoteza kofia yake. Alifika mahali ambapo kiboko anamuuliza mjusi kama ameikalia, mahali ambapo watoto huvunjika mbavu kila mara.

Walicheka. Aliwaona wakicheka. Vinywa vilifunguka, mabega yakatikisika, mmoja akajishika tumbo na kujitupa nyuma. Lakini hapakuwa na sauti. Kilichosikika ni upepo dirishani, na chini ya upepo, kutoka rafu ya chini, sauti ndefu kama wimbi linalorudi juu ya changarawe. Sshhh.

Zilpah akashusha kitabu. Ndipo alipouona mkeka. Watoto walikuwa wamekaa karibu karibu, kama kawaida, lakini kando ya Achieng waliacha nafasi. Ilikuwa nafasi ya mtoto mmoja, na mkeka hapo ulikuwa umelowa.

"Achieng, mama," alisema kwa upole, "njoo utusomee wewe. Ukurasa wa tisa."

Achieng akasimama akachukua kitabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba kitu. Akasoma. Midomo yake ilitamka kila neno vizuri, alipumua mahali pa kupumua, akainua macho mahali pa kuinua macho. Hakuna kilichotoka.

Wale kumi walipofika barabarani sauti zao ziliwarudia, na Zilpah akawasikia wakiteremka mlima wakipiga kelele kama watoto wengine wowote. Achieng aliondoka kimya. Alipogeuka kumpungia mkono, uso wake ulikuwa wa mtoto anayejaribu kukumbuka kitu alichokisahau mahali fulani.

Jumanne asubuhi bibi yake alikuja. Jina lake Emmaculate, mshonaji wa sare za shule pale sokoni, na alikuja na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni.

"Mwalimu," alisema, "mtoto hajasema neno tangu Jumapili. Hata 'dani', yaani bibi, hajaniita. Jana nimempeleka hospitali, daktari akamulika koo, akasema koo ni zima kabisa. Nikamuuliza, basi sauti iko wapi? Akaniangalia tu." Alifungua mkono. "Leo nikifua sare yake nikapata hiki mfukoni. Nikajua ni cha kwenu."

Kilikuwa kibao namba kumi na saba. Mbao yake ilikuwa imelowa mpaka ndani.

Jared alikigusa kwa kidole kimoja. Kisha akawatazama wanawake wale wawili.

"Aliyepewa kibao ndiye aliyeacha mzigo," alisema. "Ndivyo ilivyo hapa."

Hakuna aliyemwomba aeleze. Zilpah alikwenda kwenye kabati, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye shubaka la kumi na saba. Mwanzoni alisikia damu yake mwenyewe. Halafu, kutoka mbali, kama kutoka chini ya kisima kirefu, akasikia sauti ya mtoto akisoma. Kiboko akauliza, nani ameona kofia yangu. Kiboko akauliza, nani ameona kofia yangu. Sauti ilisoma mstari ule ule mmoja bila kukosea, na haikuwa na hofu. Ilikuwa imechoka tu, kama mtoto aliyeambiwa aendelee mpaka mwalimu arudi, na mwalimu akasahau.

Zilpah hakuinuka haraka. Alibaki pale akainamisha kichwa na kuomba, akasogeza midomo, akasema yote moyoni kama alivyozoea. Alipomaliza alisikia kando ya shingo yake, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa pumzi: sshh.

"Hata maombi yako hayana sauti, Madam," Jared akanong'ona. "Hicho kitu kinapenda kimya. Hapa kimepata nyumba."

"Tufanye nini?"

"Kile ambacho hamkufanya Alhamisi ile," Emmaculate akasema. "Tupige humu ndani, kila kitu, mpaka kitoke mlangoni. Nyumba ya chini ipokee, na ya chini yake ipokee, mpaka ufuoni. Hakuna kuacha hadi nyumba ya mwisho, ile iliyo majini, ipige yake. Na mtu akisikia anaitwa, asiitike. Hata akiitwa na mamake."

Zilpah aliinuka, akajipangusa magoti. "Mama Emmaculate, mimi ni Msabato. Siwezi kupiga sufuria kwa ajili ya pepo."

"Basi piga kwa ajili ya Achieng," Emmaculate akasema, akakunja futi yake akaitia mfukoni.

Alhamisi ikafika. Emmaculate alikuwa ameteremka barabara nzima, mlango kwa mlango, na watu wa ufuoni hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Saa kumi na mbili jioni maktaba ilijaa, na hakuna aliyekuwa ameshika kitabu. Walikuja watahiniwa, kina mama wa soko, watoto wa mkeka na baba zao. Byron alirudi na bati la paa. Walisimama kati ya rafu wakiwa na sufuria zao, wakaona aibu kuzigonganisha, kwa sababu ya mahali walipokuwa.

Achieng alikaa mapajani mwa bibi yake, upande wa kulia wa mlango, kando ya kabati la mikoba, na kibao mkononi. Zilpah alisimama katikati ya chumba.

"Wewe ndiye uliyekinyamazia," Jared alimwambia. "Wewe uanze."

Zilpah akaenda ukutani akayang'oa maneno yake, maana yalikuwa yamepakwa kwenye ubao mmoja mrefu, akaulaza ubao juu ya meza. Akachukua sufuria ya chai ya ofisini na mwiko. Upepo ulikuwa umeanza. Matope yalinuka. Nyuma ya rafu ya magazeti kitu kikasema sshh, kwa subira, kama mtu aliyezoea kutiiwa. Zilpah akapiga.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo, la mtu anayebisha mlango wa jirani, na la pili halikulizidi sana, lakini kwenye la tatu Byron akalipiga bati lake sakafuni na chumba kizima kikalipuka, sufuria na viti na vifuniko na viganja vya watoto juu ya meza, na Zilpah, ambaye miaka yote alikuwa ametembea kati ya rafu zile kwa viatu vya raba asiwasumbue wasomaji, alijikuta akipiga kwa mikono miwili na kupaza sauti isiyo na maneno, huku kelele zikipanda hadi dari na vumbi likianguka kutoka juu ya vitabu. Na ile sshh nayo ikakua, ikawa si sauti ya mtu tena bali ya ziwa lote likivutwa juu ya mawe, ikazunguka rafu za kilimo, ikapita chini ya meza ambapo watoto waliinua miguu, na maji yakaonekana sakafuni, mstari mwembamba wa maji yasiyotoka popote, ukienda huku na huku kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kikaanza kuita. Mwanamke mmoja aliitwa na mume wake aliyezama mwaka juzi, akauma kanga yake akaendelea kupiga. Byron aliitwa jina lake la nyumbani, akafumba macho na kuendelea. Zilpah mwenyewe aliitwa Nyanchoka, kwa Kigusii, na sauti ya mama yake aliyezikwa kule Nyamira zaidi ya miaka kumi iliyopita, ikimwomba aje ashike upande wa pili wa shuka waikamue pamoja, na machozi yakamtiririka, lakini mikono haikusimama na kinywa hakikujibu.

Mstari wa maji ukafika mlangoni. Ukateremka ngazi. Nyumba ya kwanza ya chini ikapokea kelele, halafu ya pili, halafu ya tatu, zikishuka mlima kuelekea ziwani.

"Msiache," Jared alipaza sauti. "Bado, bado."

Na hapo Zilpah akasikia, upande wake wa kushoto, karibu na magazeti, sauti aliyokuwa ameiwaza siku nne bila kulala.

"Madam," ilisema. "Hapa nipumue au niendelee?"

Hakufikiri. Hata mwiko ulikuwa bado hewani. "Endelea, mama," alisema, "niko hapa," na akainua mkono wake ili wengine wanyamaze, apate kumsikia mtoto vizuri.

Wakanyamaza wote. Walikuwa wamemzoea. Chumba kikawa kimya kwa muda wa pumzi mbili, labda tatu, na nyumba za chini, zilipoona maktaba imenyamaza, nazo zikadhani kazi imekwisha, zikasita. Jared peke yake aliendelea kupiga kifuniko chake, akimtazama Zilpah kwa macho yaliyomtoka.

Kisha, upande wa kulia, mapajani mwa bibi yake, Achieng akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa. "Dani," alisema, "dani, nimechoka kusoma." Emmaculate akamkumbatia akaanza naye kulia, na watu wakashangilia, wakarudia kupiga kwa nguvu kuliko mwanzo, sasa kwa furaha. Kelele zikateremka hadi majini. Kwa mbali walisikia nyumba ya mwisho ikipiga bati lake.

Shubaka la kumi na saba lilikuwa kavu. Zilpah aliweka sikio, akasikia mbao tu. Kibao hakikuwa tena mkononi mwa Achieng, wala sakafuni, wala chini ya kabati. Jared alifagia chumba mara mbili.

"Kilipaswa kurudi kwenye msumari wake," alisema.

"Acha, Jared. Mtoto anaongea." Zilpah alikuwa akicheka. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza.

"Madam, ulisikia nini pale?"

"Nilimsikia Achieng akiniita."

Jared alitazama rafu ya magazeti upande wa kushoto, kisha kabati upande wa kulia, umbali wa hatua kumi na tano. Akaurudisha ufagio nyuma ya mlango. Mkutubi alikuwa na furaha ambayo hajawahi kumwona nayo.

Siku zilizofuata maktaba ilirudi kuwa na makelele ya kawaida, na Zilpah hakuurudisha ule ubao ukutani. Rafu ya chini ilikaa kavu. Achieng alifanya mazoezi kila alasiri na kumaliza kitabu chote. Zilpah alikunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya koo. Jumatatu alizungumza kwa kunong'ona. Jumanne aliwaonyesha watoto kwa mikono. "Ni kupiga makelele kule," alimwandikia Jared kwenye karatasi. "Sijazoea."

Jumatano walikuwa Homa Bay, katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Watoto wa Migori walikuja na sweta za kijani na nyimbo za kushangilia. Byron alikuwa ameshika bango la maktaba yao na kulitikisa kila jina la Mbita lilipotajwa. Emmaculate alikaa safu ya mbele, Zilpah karibu naye, Jared kwenye safu ya nyuma yao.

Achieng alipanda jukwaani kwa sare iliyopigwa pasi. Akafungua kitabu cha kiboko. Na sauti yake ikatoka, safi, ikajaza ukumbi mpaka walioko nje wakasogea madirishani. Alifika ukurasa wa tisa. Zilpah akabana vidole. Kiboko akauliza, nani ameona kofia yangu. Achieng akapumua, akageuza ukurasa, akaendelea.

Mjusi alipojibu, ukumbi mzima uliangua kicheko. Zilpah naye akacheka. Alitaka kupaza sauti, aite jina la mtoto yule mbele za watu wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujali nani atasumbuka. Akafungua kinywa. Akaita.

Hakuna kilichotoka, hata hewa.

Akajaribu tena. Akapiga makofi, na viganja vyake vikakutana bila mlio, kama viganja vilivyo chini ya maji. Akaingiza mkono katika mfuko wa sweta yake kutafuta leso, na vidole vikagusa kitu kidogo cha mbao, bapa, kilicholowa. Hakuhitaji kukitoa asome namba.

Alipogeuka alimkuta Jared akiangalia mkono wake. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mfukoni hadi sakafuni. Jared aliinuka nusu kutoka kitini, akavuta pumzi, akashika ukingo wa kiti cha bati kilicho mbele yake ili akipige.

Jukwaani Achieng alikuwa amebakiza ukurasa mmoja. Alikuwa akimtafuta Zilpah kwa macho katikati ya watu, kama alivyofundishwa, na alipomwona akatabasamu.

Zilpah alimtazama mtoto. Kisha akamtazama Jared, akatikisa kichwa, na taratibu, kama alivyofanya maelfu ya mara, akaweka kidole mdomoni.

Jared akaisikia. "Sshh." Ilikuwa ndefu na yenye subira, na ukumbi wote ukatulia. Lakini midomo ya Zilpah ilikuwa imefumbwa, na sauti ilitoka chini ya kiti chake.